Kihisi Kinajipima Chenyewe: Joto, Kelele na Mwanga katika Darasa la Kariakoo



Mada niliyopewa ni matumizi ya kihisi darasani kupima joto, sauti na mwanga. Ningeweza kuimaliza kwa robo saa: nakiwasha kifaa, nasoma namba, mnapiga makofi, nakaa. Lakini namba ikishasomwa kwa sauti mbele ya watu hupata heshima ambayo pengine haijaistahili, na leo nataka tuihoji kwanza kabla ya kuipa kiti.

Nianze na jambo ambalo fundi yeyote wa friji au viyoyozi pale Kariakoo, Dar es Salaam, analijua kwa mikono yake, ingawa vitabu vyetu vya fizikia hulipita mbio. Kihisi hakina habari na chumba. Kina habari zake chenyewe tu. Kile kinachotiwa kwenye kiyoyozi ni punje nyeusi yenye miguu miwili ya waya. Aina inayopatikana sana ina ukinzani wa omu 10,000 ikiwa kwenye nyuzi joto 25. Punje ikipata joto, ukinzani unashuka, takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi moja. Kazi yake imeishia hapo. Ukiibana kati ya vidole viwili itakupa joto la vidole. Ukiianika juani itakupa joto la punje iliyoanikwa juani, na hewa inayopita pembeni yake inaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Kazi yote ya mpimaji, tangu mwanafunzi wa darasa la tano hadi mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ni kuishawishi ile punje ikubaliane na kitu anachotaka kukijua.

Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa wanaficha vipimajoto vyao ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha upepo, kimeinuliwa juu ya majani, mita moja na robo hadi mita mbili kutoka ardhini. Kisanduku hicho alikibuni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti. Sisi hatuhitaji kisanduku cha Uskoti. Vikombe viwili vya plastiki vyeupe, kimoja ndani ya kingine, vikitobolewa matundu na kupinduliwa juu ya kihisi, vinatosha kwa darasa. Kihisi kikae mbali na ukuta, usawa wa kichwa cha mtoto aliyeketi, wala kisiwe juu ya kabati la mwalimu ambako wengi wetu hukitundika kwa sababu tu pana msumari.

Kuna kadi ndogo iitwayo micro:bit, ambayo BBC na washirika wake waliwagawia watoto wa Uingereza, karibu milioni moja, mwaka 2016. Siku hizi inatajwa sana kila panapozungumzwa teknolojia shuleni. Inasoma joto, inasoma mwanga, na toleo la 2020 limeongezewa maikrofoni. Ni kifaa kizuri, nakipenda. Ila haina kipimajoto cha kujitegemea: inasoma joto la chipu yake, na chipu inayofanya kazi huchemka kidogo. Mwanga wake inaupima kwa zile taa ndogo 25 za usoni, na jibu linakuja kati ya 0 na 255, kipimo ambacho si laksi, kizio cha mwanga, wala si kitu kingine chochote chenye jina. Mtoto akiambiwa mwanga ni 140, aulize 140 ya nini.

Kwa kuwa swali ni kihisi kinapima nini hasa, lazima nimtaje Erasto Mpemba, maana kisa chake ni chetu na tunakisimulia nusu. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, aliweka kwenye friji ya shule mchanganyiko wa maziwa wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, kwa kugombea nafasi na wenzake. Wake ukaganda kwanza. Alicheka nani? Darasa zima, na mwalimu pia. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekwenda kutembelea shule: maji yenye nyuzi 35 na maji yenye nyuzi 100, vyombo sawa, ujazo sawa, kwa nini ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Osborne hakucheka sana. Alirudi chuoni, akaagiza yapimwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa katika jarida la Physics Education. Hadi leo ulimwengu wa sayansi unaliita jambo hilo kwa jina la kijana wa Tanganyika.

Hiyo ndiyo nusu tunayoisimulia. Nusu ya pili ni kwamba mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walirudia vipimo kwa uangalifu na wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa mapema kuliko ya baridi. Wakaonyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, unaweza kupata matokeo yanayoonekana kumuunga mkono Mpemba, au kumkana. Sentimita moja! Wengine wanaendelea kubishana nao, na mjadala haujafungwa. Simtaji Mpemba ili nimpunguzie heshima. Kwangu mimi kisa kimenoga zaidi. Swali la mtoto wa sekondari limewafanya wataalamu, miaka zaidi ya 50 baadaye, wabishane juu ya mahali pa kuchomeka kipimajoto.

Sasa tuingie darasani, na tuchukue darasa la katikati ya jiji. Chumba cha mita 7 kwa 9, dari mita 3. Tangu elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada mwaka 2016, watoto 80 katika chumba cha namna hiyo si habari ya kushangaza, ingawa mwongozo wa shule za msingi ni watoto 45. Mtoto aliyeketi anatoa joto la takriban wati 70. Watoto 80 ni wati 5,600, sawa na kuwasha pasi tano au sita za umeme na kuzipanga kwenye madawati. Hewa ya chumba hicho ni nyepesi kiasi kwamba, kama madirisha yangefungwa na kuta zisinyonye chochote, joto hilo lingeipandisha nyuzi moja kwa sekunde 40 hivi. Tukitoa sehemu inayoondoka kwa jasho, tuseme dakika moja na nusu. Kuta na sakafu hunyonya, upepo huingia, kwa hiyo mambo hayafikii huko. Lakini sasa mnaona kwa nini baada ya mapumziko, watoto wakirudi kutoka kukimbia, mstari wa joto kwenye daftari la visomo unapinda juu ghafla. Hesabu hii waachieni darasa la saba waifanye wenyewe. Ni kuzidisha na kugawanya tu.

Halafu kuna bati. Bati la paa lisilo na dari chini yake likipigwa na jua la mchana wa Februari linaweza kupita nyuzi 60, na linatumiminia joto kama mnururisho, moja kwa moja utosini, bila kusubiri kuipasha hewa. Kihisi chetu chenye vikombe vyeupe hakitaliona joto hilo, kwa sababu tumekikinga nalo. Kitasema nyuzi 31 na mtoto atasema anaungua, na wote wawili watakuwa wakweli. Dawa ni kuongeza kihisi cha pili ndani ya mpira wa ping-pong uliopakwa rangi nyeusi. Mpira mweusi unanyonya mnururisho jinsi kichwa kinavyonyonya. Tofauti ya visomo viwili hivyo ndiyo hoja ya kupeleka kwenye kamati ya shule mnapoomba dari, na ni hoja yenye nguvu kuliko barua ya kurasa tatu.

Beda Amuli, msanifu wetu, alipolibuni jengo la Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, aliligubika kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, kivuli kiwe juu na hewa ipite kati. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya. Lakini wazo lenyewe lilikuwa palepale mbele ya macho yetu kwa zaidi ya miaka 40, hatua chache kutoka kwenye madarasa tunayoyaezeka bati tupu. Hata nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile yenye ukumbi mrefu kutoka barazani hadi uani, inajua kuvuta upepo kuliko madarasa mengi. Sasa ghorofa zimeizunguka na upepo wa kusi unafika ukiwa umechoka.

Kama mnadhani joto ni kero ya mwili tu na haligusi akili, sikilizeni: R. Jisung Park na wenzake walifuatilia matokeo ya mitihani ya wanafunzi milioni 10 wa Marekani na kuchapisha mwaka 2020 kwamba, katika shule zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ukiwa na joto zaidi kwa nusu nyuzi hivi, watoto hujifunza pungufu kwa asilimia 1 hivi. Hao ni watoto wanaoujua msimu wa baridi. Wetu huanza Januari, wakati kaskazi inavuma na kipimo cha mchana kiko kwenye 32.

Niende kwenye sauti, na hapo nitakaa, kwa sababu Kariakoo ni chuo kikuu cha sauti.

Simameni dirishani mwa darasa lolote linalotazamana na mitaa ya biashara, saa nne asubuhi. Kuna spika ya kunadi, imerekodiwa jana na inajirudia bila kupumua: elfu tano, elfu tano, chagua mwenyewe. Kuna guta linalopiga honi ya mkono, bodaboda, jenereta ikiwa umeme umekatika, mshusha mzigo anayeomba njia. Kwenye Barabara ya Msimbazi unaongeza mngurumo wa mabasi ya mwendokasi. Mwenye duka hasikii tena lolote kati ya hayo. Sikio hujizoesha, na mwalimu naye amezoea. Anachokiona ni kwamba koo linamuuma kila Ijumaa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuleta kihisi: hakizoei.

Desibeli zina hesabu yake, na hesabu hiyo inafaa kujulikana na kila mzazi anayetaka kwenda kugombana na mwenye duka. Mwalimu anayezungumza kwa nguvu kiasi hutoa takriban desibeli 65 ukiwa mita moja kutoka kwake. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili, zinapungua 6: mita 2 ni 59, mita 4 ni 53, mita 8 ni 47. Ndani ya chumba kuta zinarudisha sauti, kwa hiyo haishuki kiasi hicho, lakini marudio hayo yanarukiana na kuziba silabi. Ili mtoto aelewe anachoambiwa, sauti ya mwalimu inatakiwa ipite kelele kwa desibeli 15 hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza kelele ya darasani isizidi desibeli 35 wakati wa somo. Fanyeni hesabu: 47 za nyuma ya darasa zinaafikiana na kelele za 32. Dirisha linaloingiza 55 za mtaani limemtoa mtoto wa dawati la mwisho nje ya somo, ijapokuwa jina lake limeitwa na ameitika.

Anachopoteza kwanza ni konsonanti. Irabu zina nguvu, zinapenya. Kwa hiyo kwenye imla mwalimu anasema bata, mtoto anaandika pata. Anasema dua, mtoto anaandika tua. Tunamwekea kosa kwa kalamu nyekundu. Kabla ya kuweka kosa, tazameni makosa hayo yanatoka dawati gani. Chora ramani ya madawati, weka alama za imla, weka na visomo vya kihisi juu yake. Sijaona jaribio la fizikia lenye faida kuliko hilo kwa shule ya mjini.

Turudi kwa mwenye duka. Kama nje kuna spika mbili zenye nguvu sawa, na mwenye moja akakubali kuizima, kelele itashuka kwa desibeli 3 tu. Sikio halitaliona badiliko hilo kuwa la maana, na mtarudi mkisema amewadanganya. Spika kumi zikibaki moja, mtapata 10. Lakini spika moja iliyokuwa mita 5 kutoka dirishani ikisogezwa hadi mita 10, na mdomo wake ukageuzwa kuelekea barabarani, mtapata 6 na zaidi, na mfanyabiashara hajapoteza mteja hata mmoja. Mimi ningekwenda na ombi hilo. Kumwambia mtu wa Kariakoo azime spika ni kumwambia afunge duka, na mtakuwa mmeanza ugomvi ambao serikali ya mtaa italazimika kuuamua.

Vipimo vyenyewe vinaweza kuchukuliwa kwa simu ya mwalimu, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo. Programu ya phyphox ya chuo kikuu cha RWTH Aachen ni ya bure na inafungua vihisi vingi vilivyomo kwenye simu. Ila maikrofoni ya simu ilitengenezwa kwa maongezi: mngurumo wa chini wa jenereta huusikia kidogo kuliko ulivyo, na kelele kubwa huzipunguza yenyewe. Simu mbili zikiwekwa meza moja zitatoa majibu tofauti. Ziwekeni pamoja mbele ya sauti ileile, andikeni tofauti yao, na kila simu ibaki na kasoro yake iliyoandikwa kwenye karatasi. Tofauti kati ya saa na saa, dawati na dawati, itaaminika kuliko desibeli zenyewe.

Niseme jambo moja linaloniudhi. Kuna vifaa vinavyouzwa kwa shule vyenye taa nyekundu inayowaka watoto wakipiga kelele. Vinatumika kama kiboko kisicho na mwalimu. Mtoto wa darasa la tatu atajifunza kwamba kihisi ni polisi, na kila atakapokiona atanyamaza au atakifunika kwa daftari. Kelele ya mtoto anayejibizana na mwenzake juu ya jibu la hesabu, taa haiwezi kuitofautisha na kelele ya ugomvi.

Kuhusu mwanga nitakwenda haraka, kwa sababu wenyewe unajieleza. Jua la mchana la Dar es Salaam linafika laksi 100,000; kusomea darasani kunataka laksi 300 hivi. Jicho linamudu yote mawili bila kulalamika, kwa hiyo halifai kuwa shahidi. Sisi tuko nyuzi karibu 7 kusini mwa ikweta, na jua linapita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, saa sita mchana na dakika kadhaa, nguzo ya bendera haina kivuli, na mwanga wa jua unaoingia dirishani umetoka uwanjani, umegonga mchanga ndipo ukaja. Juni jua linachungulia kutoka kaskazini, Desemba kutoka kusini. Darasa lenye madirisha ya upande mmoja litabadilika tabia, na daftari la mwaka mzima litaonyesha.

Kwenye mitaa ya ghorofa kuna kipimo kisichohitaji betri. Mtoto aweke shavu kwenye dawati lake, atazame dirishani. Akiona anga, hata ukanda wa upana wa rula, ana mwanga wa kweli. Akiona ukuta wa jirani tu, anasoma kwa mabaki. Wapangeni wote wafanye hivyo kwa zamu, kisha pitisheni kihisi juu ya madawati yaleyale, kikilazwa uso juu kama daftari linavyolazwa. Mstari wa madawati yanayoona anga na mstari wa namba itakuwa karibu mno mmoja na mwingine. Na msisahau kukisimamisha kihisi ubaoni pia. Ubao uliopakwa rangi inayong'aa unaweza kuwa na mwanga mwingi na bado usisomeke, kwa sababu mng'ao wa dirisha umekaa juu ya maandishi.

Vifaa vinapatikana wapi? Palepale. Punje ya joto kwa fundi wa viyoyozi. Kihisi cha mwanga kwenye taa ya nje inayojiwasha magharibi: ndani ya fotoseli zake nyingi kuna kijisahani chenye mstari uliojipinda kama nyoka, ambacho gizani kina ukinzani wa omu zaidi ya milioni na juani mia chache. Maikrofoni kwenye simu mbovu. Mita ya umeme ya fundi inasoma viwili vya kwanza bila kompyuta yoyote. Kuzipatia punje namba zake, chukueni bakuli la barafu iliyopondwa na maji kidogo, hapo ni nyuzi 0. Kisha maji yanayochemka: huku pwani ni nyuzi 100, bahati ambayo walimu wa Mbeya hawana, maana kwenye mwinuko wao maji yanachemka kwenye 94 hivi. Tangu 2012, maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi Tanzania yamekuwa yakiwakutanisha vijana wa sekondari na miradi yao. Darasa lililopima chumba chake lenyewe kwa mwaka mmoja lina mradi wa kwenda nao huko bila kuazima kitu kwa mtu.

Mwisho ni ratiba. Maduka mengi yanafunguliwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi. Kihisi cha sauti kikikaa dirishani wiki nzima kitaonyesha saa ambayo mtaa unaamka, na masomo yanayotegemea sikio, kama imla, kusoma kwa sauti na matamshi ya Kiingereza, yanaweza kuwekwa kabla ya saa hiyo. Vipimo hivyo vichukuliwe likizo, darasa likiwa tupu, ili kelele za mtaa zisichanganyike na za watoto, na mwalimu wa taaluma awe navyo mezani kabla hajabandika ratiba ya muhula.